Nimsubiri mtayarishaji aliyeshika riwaya yangu, au nimpe mwingine?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Dar es Salaam. Nina mume na watoto watatu, na tunaishi Tabata. Nimeandika riwaya moja tu maishani mwangu. Inamhusu mwanamke aliyekuwa kondakta wa mabasi ya UDA mwaka 1983, wakati wa foleni za sukari na msako wa wahujumu uchumi, ambaye usiku mmoja anagundua kwamba maboksi aliyoyaficha mumewe uvunguni mwa kitanda yamejaa sabuni ya magendo. Kitabu hakikuuzwa sana, lakini waliokisoma walikipenda, nami niliridhika.

Miongoni mwa waliokisoma ni rafiki mkubwa wa marehemu kaka yangu. Kijana huyo alikulia mtaani kwetu Magomeni, na kwa kuwa kwao mambo yalikuwa magumu, chakula chake cha mchana mara nyingi alikila kwa mama yetu. Siku hizi ni mtayarishaji wa filamu. Kaka alipofariki, yeye ndiye aliyesimamia kila kitu msibani, na baada ya arobaini alikuja kuniambia kwamba anataka kuifanya riwaya yangu kuwa filamu, na kwamba angeifanya pia kwa ajili ya kaka, ambaye alikuwa akiwagawia watu nakala za kitabu hicho kama peremende.

Tuliandikiana mkataba. Alinilipa kiasi kidogo ili kwa miaka miwili nisimpe mtu mwingine haki ya kuitengenezea filamu riwaya hiyo, na malipo makubwa yangefuata siku ya kwanza ya kurekodi. Mkataba unasema anaweza kuongeza mwaka mmoja kwa kunipa taarifa ya maandishi na shilingi 500,000 kabla ya miaka miwili kwisha. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa furaha. Alinipeleka kuona nyumba za zamani za Kariakoo na Ilala, akaniletea skripti ya awali, na akaniomba nimweleze kondakta alivyokuwa akivaa na alivyobeba tiketi. Mwaka wa pili simu zilipungua. Wiki chache kabla ya muda kwisha alinitumia shilingi 200,000 kwa simu pamoja na ujumbe: "Mwalimu, hii ni ya kuvumilia, mambo yanakwenda vizuri." Nilizipokea, nikamshukuru. Barua haikuja, na kiasi kilichobaki hakikuja. Muda umepita, na kila nikimwuliza ananijibu kwamba wafadhili wako karibu kukubali.

Sasa imejitokeza kampuni inayotengeneza tamthilia za televisheni. Wanaitaka hadithi yangu na wako tayari kulipa ndani ya mwezi mmoja, kiasi kinachoweza kumpeleka binti yangu chuo kikuu bila kukopa. Ila hawautaki mwaka 1983. Wanataka mwanamke wangu awe dereva wa bodaboda wa leo, na maboksi ya sabuni yawe dawa za kulevya.

Mume wangu anasema fimbo ya mbali haiui nyoka, nisaini haraka. Mama yangu anasema yule ni mwanawe, na kumwandikia barua za mikataba ni kumwumbua. Shuleni wanafunzi wananiita Mama Sinema, na walimu wenzangu wananiuliza, wengine kwa kejeli, lini wataalikwa kwenye uzinduzi. Nilikwishaanza riwaya ya pili, lakini kila nikikaa kuandika najikuta nawaza kamera itasimama wapi, kisha naacha.

Shangazi, nimsubiri ndugu yangu huyu, au nimpe mwingine? Nikimpa mwingine, sitakuwa nimemsaliti yeye na kaka yangu?

Mama Sinema, Tabata

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, Mwalimu. Pole kwa kumpoteza kaka, na pole kwa kusubiri, maana naona mambo haya mawili yameshikana sana ndani ya barua yako.

Kwa jinsi nilivyokuelewa, unasubiri filamu kutoka kwa mtu unayempenda, ambaye muda wake wa mkataba huenda umekwisha na huenda haujakwisha. Umepata ofa nyingine yenye fedha ya uhakika, lakini inaigusa hadithi yako mahali nyeti. Pande zote mbili kuna ndugu wanaokuambia la kufanya, na kila mmoja ana sababu ya maana. Katikati umekwama wewe, na kalamu yako imekwama pamoja nawe.

Kwanza tuutazame ucheleweshaji wenyewe, kwa kuwa barua yako inauchukulia kana kwamba ama ni dalili ya udanganyifu ama ni mtihani wa uaminifu wako. Huenda si hili wala lile. Filamu inayotokana na kitabu huchelewa hata mikononi mwa watu wakweli na wenye bidii. Riwaya ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi ilichapishwa mwaka 1999, na filamu iliyoongozwa na Amil Shivji ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2021, katika tamasha la Toronto. Hiyo pia ni hadithi ya zama zilizopita, Zanzibar ya wakati wa ukoloni, na hadithi za zama zilizopita ni ghali. Mimi nilipanga foleni za mwaka 1983, kwa hiyo naiona picha unayoitaka, lakini nikiwa Posta leo sijui mtu angeiweka wapi kamera bila kunasa jengo la vioo au pikipiki. Mabasi ya Ikarus ya UDA hayako barabarani tena. Lazima yatafutwe au yaundwe, watu wavalishwe, maduka ya kaya, yale ya bidhaa za mgao, yajengwe upya. Mtayarishaji wa hapa nchini hana mfuko mmoja wa kugharimia hayo yote. Hukusanya kidogo huku na kidogo kule, na mfadhili mmoja akisita, wengine nao husubiri kuona.

Nakueleza hayo ili usimhukumu kwa kuchelewa peke yake, ingawa sikuelezi ili ujifariji kwamba filamu yako nayo itafika. Riwaya nyingi zinazochukuliwa kwa mikataba ya namna hii, hapa na kwingineko duniani, haziwi filamu kamwe, na mwandishi hubaki na yale malipo madogo ya mwanzo. Ndiyo maana mikataba hiyo huwekewa mwisho. Tarehe ya mwisho haimtukani mtayarishaji. Ipo ili kitabu kisifungiwe kabatini na mtu mmoja milele, hata kama mtu huyo anakipenda. Kinachonipa mashaka zaidi katika barua yako ni ule ukimya, kwa sababu mtu aliyekosa fedha anaweza kukosa cha kukulipa, lakini hakosi maneno ya kukueleza fedha zimekwama wapi.

Sasa zile shilingi 200,000. Wewe umezitaja kwa sentensi chache tu, lakini mimi nimezirudia mara kadhaa, kwani hapo ndipo mambo yanapoweza kukuwia magumu. Unaweza kuzisoma kama zawadi ya ndugu kwa dada yake. Yeye anaweza kuzisoma kama sehemu ya malipo ya kuongeza mwaka, na kwamba ulipozipokea na kushukuru ulikubali kiasi pungufu na ule ujumbe kama taarifa ya maandishi. Mimi si wakili na sitakuamulia usomaji upi una nguvu. Lakini kabla hujamjibu yeyote, chukua mkataba, ujumbe huo na kumbukumbu ya muamala, umpelekee wakili anayezijua kazi za sanaa, na upite pia Ofisi ya Hakimiliki, ile tuliyozoea kuiita COSOTA. Chukua na mkataba wa mchapishaji wako. Waandishi wengi husahau huo, kumbe baadhi ya wachapishaji huandika kwamba nao wana fungu katika mapato ya filamu, au kwamba wao ndio wa kuzungumza na watayarishaji. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakutambua wewe kama mwenye haki ya kuruhusu kazi yako igeuzwe kuwa kazi nyingine, lakini haki uliyokwisha kuitoa kwa saini yako huwezi kuitoa tena mpaka ikurudie.

Hilo linatufikisha kwenye ofa ya pili. Mume wako anaona fedha iliyo karibu, na simlaumu hata kidogo, ada ya chuo haisubiri wafadhili. Ila sidhani kama ameuona mkataba ambao kampuni hiyo itakuletea. Kwa kawaida mikataba ya aina hii huwa na kifungu ambacho mwandishi anathibitisha kwamba haki anazouza ni zake na hazijashikwa na mtu mwingine. Ukikitia saini kisha mtayarishaji wa kwanza akajitokeza na ule muamala wa simu, wa kujibu utakuwa wewe, na huenda ukatakiwa kurudisha fedha ambazo tayari zimelipa ada. Haraka inayopendekezwa nyumbani ina hatari hiyo. Kwa upande mwingine, huenda mkataba wako wa kwanza ulihusu filamu peke yake na tamthilia ikabaki mikononi mwako, au huenda ulijumuisha kila kitu kinachoonyeshwa kwenye kioo. Barua yako haisemi, na jibu la swali hilo dogo linaweza kubadilisha shauri zima.

Je, bodaboda badala ya UDA? Hapa nataka nikuulize kwa upole, Mwalimu. Umeandika kwamba hawautaki mwaka 1983 kana kwamba kwa kusema hivyo wameikataa riwaya. Inawezekana ni hivyo. Kama hofu ya mwanamke wako inatokana na nchi nzima kukosa sabuni, kiasi kwamba kipande kilichofichwa uvunguni ni hatia na pia ni kitu ambacho watoto wake wanakihitaji, basi dawa za kulevya haziwezi kushika nafasi hiyo. Hakuna mama anayeogea dawa za kulevya. Lakini kama moyo wa kitabu ni mke anayegundua kwamba amelala juu ya siri ya mumewe, hadithi hiyo inaweza kuishi katika mwaka wowote. Wewe ndiye unayejua. Sheria inakupa pia haki ya kupinga kazi yako kupotoshwa kwa namna inayoharibu heshima au jina lako, lakini ukishasaini mkataba unaoruhusu mabadiliko waziwazi, kuitegemea haki hiyo baadaye ni safari ndefu. Ni afadhali kuuliza mapema ni nani atakayeandika skripti, kama utaonyeshwa, na kama maoni yako yatakuwa ushauri tu au yatahitaji kibali chako.

Nimehisi pia, sijui kama nimekosea, kwamba unaidharau kidogo tamthilia ukiilinganisha na filamu. Fikiria ni akina nani unaotaka waione hadithi hii. Filamu iliyotengenezwa vizuri inaweza kufika kwenye matamasha, kwetu Zanzibar na ng'ambo, na kumpa mwandishi heshima. Tamthilia inaingia sebuleni kila wiki, kwa watu waliokuwa makondakta wenyewe na kwa wajukuu wao. Siyo kwamba moja ni bora. Tamthilia ina matatizo yake, mojawapo likiwa kwamba ikipendwa hurefushwa, na mwanamke uliyemwachia mwisho unaoeleweka anaweza kukutwa msimu wa tatu akiwa na mume wa pili na pacha aliyepotea.

Tuje kwa ndugu yako. Mama anasema barua ya mkataba ni kumwumbua. Namheshimu mama, na anachokilinda ni kitu cha thamani, kwa maana yule kijana amekuwa mwanawe kwa miaka mingi na msibani alithibitisha hivyo. Lakini jiulize kama kuulizana kuhusu jambo mliloliandikia na kuliwekea saini ni aibu kweli, au ni kwamba familia imezoea kumwona kama mtoto wa kusaidiwa na si kama mtu mzima mwenye kampuni. Yeye mwenyewe aliandikiana nawe mkataba. Zaidi ya hapo, barua hiyo huenda anaihitaji kuliko wewe. Wafadhili makini, kabla ya kutoa fedha, hutaka kuona karatasi zinazoonyesha kwamba mtayarishaji bado anazo haki za kitabu. Kama muda wake umepita bila kuongezwa ipasavyo, anakwenda kuwaomba akiwa na karatasi isiyotosha, na wewe unayemkumbusha unamsaidia kuliko unayenyamaza.

Unaweza kumwandikia kwa lugha ya udugu na bado ukawa wazi: kwamba unaheshimu juhudi zake, kwamba muda wa mkataba umepita, kwamba unataka kujua zile shilingi 200,000 alizihesabu kama nini, na kwamba umepata ofa nyingine ambayo hujaijibu. Kisha mpe muda unaoeleweka wa kukujibu. Kuhusu ofa hiyo, tafakari kama utaitaja. Ukiitaja, anaweza kuona unamshinikiza, au anaweza kuamka na kukuletea pendekezo jipya, kwa mfano muda mfupi zaidi wenye malipo kamili. Usipoitaja na akaisikia kwingine, na mji huu ni mdogo kwa watu wa sanaa, atajiuliza kwa nini ulimficha. Inawezekana pia akakuachia haki zako kwa moyo mweupe, na ukajikuta unaumia kuliko kama angegoma. Jiandae kwa hilo.

Maana nadhani, Mwalimu, kaka yako yumo ndani ya filamu hii kuliko kondakta wako. Aliyeigawa riwaya hayupo, na rafiki yake aliahidi kuifanya kwa ajili yake, kwa hiyo siku ahadi ile ikivunjika itakuwa kama msiba umerudi. Sikuombi uache kuhisi hivyo. Nakuomba tu utenganishe swali la kama mkataba uendelee na swali la kama bado unamkumbuka kaka yako. La pili halina tarehe ya mwisho, na hakuna saini yako inayoweza kulifuta. Pengine wewe na rafiki yake mnahitaji kukaa siku moja mkamzungumzia marehemu bila kuizungumzia filamu hata kidogo. Nashangaa kama mmewahi kufanya hivyo tangu arobaini.

Na ile riwaya ya pili? Hukuniuliza kuihusu, umeitaja tu kisha ukapita. Unaposema unawaza kamera itasimama wapi, nasikia mwandishi aliyeanza kumwandikia mtayarishaji badala ya msomaji. Hilo linaweza kupita lenyewe ukipata jibu la barua, au lisipite. Ungeweza kujaribu kuandika sura ambazo kamera haiwezi kuziingia, mawazo ya mtu aliyekaa kimya ndani ya daladala kutoka Tabata mpaka Kariakoo, uone kama mkono unarudi. Ungeweza pia kukubali kwamba mwaka huu ni wa kushughulikia karatasi na kumsindikiza binti chuoni, na kwamba kuandika kutasubiri bila kukimbia. Walimu wenzako nao, wanaouliza kuhusu uzinduzi, unaweza kuwajibu kwamba kitabu kipo, wakinunue.

Ukiamua kuandika ile barua, nenda kwanza Magomeni ukamweleze mama kwa mdomo wako kilichomo ndani yake, kabla haijamfikia anayeandikiwa. Yule kijana alikula pale tangu utotoni, na kati yenu watatu asingefaa mama awe wa mwisho kujua.